Mapendo, Usiruke Majini

Nakivale, jioni, kabla hujarudi kutoka kwa wanakwaya wako

Mwanangu Mapendo,

Wewe uko kanisani unaagwa kwa nyimbo. Mimi nimekaa hapa mlangoni, karatasi nimeiweka juu ya sinia, na begi lako liko mbele yangu. Ulilifunga vibaya. Nimelifungua nikalipanga upya, usiniulize kwa nini. Nguo nyeupe haziwekwi chini ya sabuni ya kipande, lakini nimejiapia kwamba katika barua hii sitasema habari za sabuni.

Sitasema pia habari za kula, wala za wavulana wa Mbarara, wala za kusalimia watu vizuri. Hayo nimeyasema tangu siku ulipopata kazi, na kila mara umeniitikia "Ndiyo, Mama" kwa ile sauti yako ya kufukuza kuku. Basi. Mwenye masikio amekwisha kusikia.

Naandika kwa sababu liko jambo moja ambalo kila nikilisema kwa mdomo napiga kelele, na wewe ukisikia kelele unafunga masikio. Nikiandika, nakasirika polepole. Nimeona nijaribu njia hiyo. Ndiyo maana pia naandika Kiswahili cha shule, kile walichotufundisha masista kule Uvira, maana nikianza kile cha nyumbani nitainuka niende kukutafuta huko huko kanisani.

Unaenda kulea watoto wa watu. Watoto wa chekechea wanaolala shuleni, wengine bado wanakojoa kitandani. Shule iko Nyamitanga, na chini ya shule unapita mto Rwizi. Habari yangu ni hiyo.

Najua umegeuza macho. Umesema moyoni, "Mama na maji yake." Sawa. Mama na maji yake. Kaa chini usome.

Wiki iliyopita tulipokwenda pamoja kuiona shule, ulinionea haya. Usikatae, niliona. Mwalimu mkuu alituonyesha vitanda, vizuri. Akatuonyesha jiko, vizuri. Akatuonyesha bembea, wewe ukatabasamu kana kwamba bembea ni yako. Mimi nikauliza, "Na mto? Mto una ua?" Akasema upo. Nikasema twende tukauone. Hapo ndipo ulipoanza kunivuta kitenge.

Ua ulikuwepo, sikatai. Nguzo, waya, kila kitu. Lakini kule pembeni kwenye migomba, watu wanaokata njia wameukunja waya mpaka ndama anaweza kupita bila kuinama. Na ng'ambo ya waya ardhi inashuka, nyasi zinateleza, halafu maji. Yule askari wa getini alikuja akiburuta viatu vyake vya mpira. Nikamwambia, "Mzee, hapa mtoto anapita."

"Mama, hapana sumbuka," akasema. "Batoto hapana kuja huku. Iko sheria."

"Sheria iko wapi?"

Akaninyooshea kidole juu. Kibao kimepigiliwa kwenye mti, juu kuliko kichwa changu, kimeandikwa Kiingereza. Nikamuuliza kama hao watoto wanaolala na chupi mbili wanajua kusoma Kiingereza. Akacheka mpaka nikaona jino lake la nyuma. "Bado, mama. Bado nasoma A, B, C."

Mimi sikucheka. Nilirudi kwa mwalimu mkuu, nikasema niliyosema. Wewe ukaninong'oneza, "Mama, basi. Batanifukuza mbele ya kuanza kazi." Yule mama wa watu akaahidi kwamba waya utafungwa. Njia nzima ya kurudi uliangalia dirishani kama mtu aliyetukanwa. Tulipofika nyumbani, ukavua viatu, ukanipoza kwa maneno haya, nayakumbuka moja moja: "Mama, usijali. Mutoto akianguka mu maji, miye nitaruka. Si unanijua?"

Nakujua. Hicho ndicho kinachonitia wazimu.

Mapendo, kila mtu katika mtaa huu anaijua habari ya shimo la matofali, na kila mtu anaisimulia vile vile. Dada alimwona mdogo wake anazama, akaruka, akamwokoa. Mchungaji aliisema mimbarini. Kwaya ilikuimbia. Akina mama walikuchangia kitenge kile chenye ndege. Watu ambao hawakuwepo siku ile wameisimulia mbele yangu, wakanieleza mtoto wangu alivyoruka, kana kwamba mimi nilikuwa Kampala. Nimewaacha. Nimekaa kimya miaka yote hii nikitikisa kichwa kama mjusi. Leo utanisikiliza mimi, maana mimi nilikuwepo.

Unakumbuka yule fundi wa matofali aliyechimba udongo nyuma ya nyumba zetu, akauza matofali, akaondoka na kutuachia shimo. Mvua ikanyesha, shimo likajaa. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, huoni kama ni ya magoti au ya kumeza mtu mzima. Mimi nikafanya walichofanya wazazi wangu: nikakata fimbo. Nikatangaza kwamba mtoto nitakayemkuta karibu na lile shimo atajuta kuzaliwa. Niliwapiga ninyi, nikawapiga na wa jirani, na mama zao wakanishukuru. Nikaona nimemaliza kazi. Kumbe nilichowafundisha ni kukausha nywele kabla ya kurudi nyumbani.

Siku ile nilitoka sokoni na sinia kichwani, la ndagala, dagaa waliobaki bila kuuzwa. Nikawakuta watoto wa mtaa wamekaa wamejipanga ukutani kwetu, kimya. Ungekuwa mama ungejua: watoto wengi pamoja na kimya, hapo kuna jambo. Miguu yao ilikuwa na tope mbichi. Ndugu yako mdogo sikumwona. Nikauliza, "Yoshua iko fasi gani?" Wakakunja miguu kuficha tope. Nikauliza tena. Yule binti mdogo wa Papa Nestor, jirani yetu Mrundi, akaanza kulia, akasema, "Mama, usitupige."

Hicho ndicho walichokuwa wanakiwaza, Mapendo. Mwenzao yuko majini na wao wamekuja kukaa ukutani kupanga uongo, kwa sababu waliniogopa mimi kuliko shimo.

Sinia la ndagala sijui nililiangushia wapi. Nilikimbia. Na nilipofika ukingoni nilikuta vichwa viwili badala ya kimoja.

Sasa sikiliza kile ambacho mchungaji hakukisema. Wewe ulikuwa unapita kwenda bombani kuchota maji. Ulikuwa na bido mbili, yale madumu ya njano ya lita ishirini, tupu, na vifuniko vyake vimefungwa. Ukamwona ndugu yako anapigapiga maji. Ukaziweka bido chini, vizuri, ndivyo nilivyozikuta, moja kando ya nyingine, kama mtu anayeingia kanisani anavyoweka viatu. Halafu ukaruka. Wewe ambaye hujui kuogelea! Wewe uliyekuwa na kitu mkononi ambacho hata ukikilazimisha kuzama hakitaki!

Nilipofika, Yoshua alikuwa amekupanda. Usifikiri alikuwa anakufanyia ubaya, mtoto anayezama hajui dada wala mama, anajua kupanda tu. Alikuwa amekushika nywele, magoti yake mabegani kwako, na kila alipopata pumzi wewe ulikuwa chini. Kisha wote mnapotea. Kisha mkono. Kisha hakuna.

Mimi nilikuwa nimeshavua kandambili. Papa Nestor alitokea nyuma yangu, akanikamata kitenge kwa mikono yote miwili, nikaanguka makalio. "Mama Mapendo, hapana!" akasema. "Bawili batosha! Batatu nitabatoa na nini?" Nilimpiga ngumi, unajua? Nilimpiga mdomoni. Hakuniachilia mpaka aliponipa kazi. "Ita watu! Piga kelele!" Akaokota bido yako, akaibana kifuniko, akaitupa. Ikaangukia karibu na Yoshua, na Yoshua akakuachia wewe akaikumbatia. Ndiyo iliyomwokoa ndugu yako, bido. Bido iliyokuwa mkononi mwako.

Wewe ulikuwa umeshakwenda chini.

Wanaume wakaja kwa kelele zangu. Papa Nestor aling'oa mti kwenye ua wake mwenyewe, akalala kifudifudi ukingoni, wawili wakamshika miguu, akaanza kupapasa nao ndani ya yale maji ya chai. Alipapasa, akapapasa. Mimi nilikuwa nalia kilio ambacho koo langu halijapona mpaka leo, ndiyo maana siimbi tena. Mti ukanasa kwenye gauni lako. Walikutoa ukiwa na rangi ambayo sitaki kuiandika. Ulipokohoa, tope lilitoka puani. Ulikaa kituo cha afya ukikohoa mpaka ngozi ya mbavu ilionekana imeshikana na mfupa, na muuguzi kila akikusikiliza kifua alikuwa ananiangalia.

Halafu ukapona, wakaja na kitenge chenye ndege.

Siwalaumu. Watu wanapenda habari yenye mtu ndani yake aliyeruka. Nani ataimba juu ya bido? Lakini mimi habari hiyo naijua tangu sijavunja ungo, na hapa sasa nakwambia habari ya kaka yangu Etiene, ambaye umesikia sifa zake tu.

Kwetu, unajua, tulikaa kando ya ziwa Tanganyika, chini ya Uvira. Etiene alikuwa kijana wa sekondari, mrefu, mcheshi, anayeimba huku anapiga pasi suruali yake. Siku moja nilikuwa naosha sufuria ufukweni, yeye amekaa karibu yangu ananisumbua. Mtoto mmoja wa majirani alivutwa na wimbi, akaanza kwenda ndani. Etiene hakusema hata neno. Aliruka na suruali yake iliyopigwa pasi. Alimfikia. Yule mtoto akamkamata shingo, wakaenda chini, wakarudi, wakaenda chini. Wavuvi walikuwa wanatengeneza nyavu hatua chache kutoka pale. Mmoja akasukuma mtumbwi, akanyoosha kasia, mtoto akalishika. Etiene hakulishika. Walimpata kesho yake.

Kila mwaka mpya, ndugu walipokusanyika, baba yetu mdogo alikuwa anasimama na kusimulia jinsi Etiene alivyotoa uhai wake kwa mtoto wa mwenzake. Watu wanafuta machozi, wanajivuna. Mimi nilikuwa nakaa nyuma nikitaka kupiga kelele: kasia lilikuwa pale! Lilikuwa limelala kwenye mchanga, karibu yangu kuliko sufuria! Angeita tu! Angesema "Leteni mtumbwi!" leo angekuwa mzee mwenye tumbo, ananisumbua kwa simu. Lakini mtoto wa kike hasimami mbele ya wakubwa kusema habari za kasia. Nikakua na hasira hiyo. Nikakimbia nayo vita, nikavuka nayo mpaka, nikaja nayo Nakivale. Na siku wewe ulipopona, mtu wa kwanza kutoka kwetu aliyenipigia simu akaniambia kwa furaha, "Mapendo ana damu ya Etiene!" Nilikata simu. Akadhani ni mtandao.

Nilipokurudisha nyumbani kutoka kituo cha afya, niliivunja fimbo yangu nikaipikia maharage. Kisha nilikwenda kumtafuta yule fundi wa matofali. Akaniambia nisubiri kiangazi, maji yatakauka yenyewe. Nikaja na akina mama wenzangu, tukakaa juu ya matofali yake mabichi, tukakaa kweli kweli, na ninajua kwamba nina uzito. Mchana ule ule akaleta vijana, wakaubomoa ukingo ukawa mteremko, wakazungushia miiba.

Kisha nikawaita watoto wa mtaa uani. Hapo wewe ulikuwepo, umesimama mlangoni umekunja mikono, kwa hiyo unayajua, lakini hujui nilivyoteseka. Nilichora mstari wa majivu. Huku ni nchi kavu, kule ni maji. Yoshua akawa ndiye anayezama, na ndugu yako huyo mpenda sifa alichukua muda mrefu kufa, anajigeuzageuza, anatoa ulimi, mpaka wenzake wakacheka wakasahau kumwokoa. Nikawaambia kwanza ni kelele. Siyo kukimbia nyumbani, siyo kujificha. Kelele! "Mutoto mu maji!" Wakapiga kelele. Mtaa mzima ukaja mbio, akina mama na miiko yao, mwanamume mmoja na sabuni ya kunyolea kwenye shavu moja. Walipoona ni mchezo walinitukana matusi ambayo sikuwa nimeyasikia tangu Kongo. "Mama Mapendo, unafundisha batoto kilio?" Nikawajibu ndiyo, nafundisha kilio, na nyie mmekuja, kwa hiyo kimefanya kazi, rudini jikoni. Papa Nestor alikuwa amekaa kwenye jiwe lake anacheka mpaka anashika mbavu.

Nikawafundisha kutupa. Mtoto mmoja akatupa bido isiyo na kifuniko. Sikumkemea. Nikailaza ndani ya beseni kubwa mbele yao, wakaiona inakunywa, inakunywa, inazama. Tangu siku hiyo katika mtaa wetu hakuna kifuniko kinachopotea, na mimi ndiye ninayejua kwa nini. Nikawafundisha kulala kifudifudi na kunyoosha fimbo, tawi, kitenge, chochote, huku mwenzako amekushika miguu. Nikawaambia ziwani hapa Nakivale hawaendi alfajiri wala magharibi, saa ambazo viboko wanatoka, na hawaendi bila mkubwa. Na mwisho nikawaambia: hakuna anayeingia. Hata kama ni ndugu yako. Hata kama analia jina lako.

Nikakuita wewe, uonyeshe. Nikasema, "Mapendo, kuja, wewe utupe bido." Ukakataa mbele yao wote. Ukasema, "Miye niliruka."

Wale watoto walikutazama kama askofu. Juma lile nusu yao walikuja kuniomba niwafundishe kuruka.

Hebu nambie, mama angefanya nini? Nilirudia. Nikarudia mwezi baada ya mwezi, na majivu yangu na beseni langu, watu wakanipa jina, Mama Bido, unadhani sijui? Watoto walichoka nami. Nami nilichoka nao. Nilikuwa naongea mpaka najisikia kama redio iliyosahauliwa kuzimwa.

Sasa nitakwambia jambo ambalo hukulisikia, kwa sababu halikusimuliwa popote. Mwaka uliopita, ulipokuwa masomoni, watoto wetu walikwenda ziwani na binti wa Papa Nestor, yule aliyenililia siku ile, sasa ni msichana mkubwa, kufua mablanketi. Pale mitumbwi inapofungwa, mtoto mmoja wa wageni waliofika karibuni aliteleza kutoka kwenye mtumbwi, akaingia kwenye maji yenye kina. Wenzake wakapiga kelele, wote kwa pamoja, ile ile ya uani kwangu. Mmoja akatupa bido. Ilikosa. Mwingine akatupa ya pili. Binti wa Papa Nestor akalala kwenye tope na blanketi lenye maji akalirusha kama kamba, wadogo wamemkalia miguu, na walipofika wavuvi mtoto alikuwa ameshavutwa kwenye nyasi, anatapika na kulia.

Walinieleza walipofika nyumbani, palepale, bila mimi kuuliza. Walinieleza kama anavyoeleza mtu aliyepoteza kiatu. Yoshua akasema, "Mama, na blanketi moja imechafuka, usikasirike." Halafu wakauliza kama kuna uji.

Hakuna aliyeruka, kwa hiyo hakuna aliyesifiwa. Mchungaji hakusikia. Mama wa yule mtoto alikuja tu na mkungu mdogo wa ndizi, tukala. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikajifuta macho kwa kitenge, nikarudi nikawasha moto. Mapendo, sijawahi kuwa na siku nzuri kama ile tangu nilipokanyaga nchi hii, na ilikuwa siku ambayo hakuna kilichotokea.

Hiyo ndiyo kazi yako Nyamitanga. Siku ambazo hakuna kinachotokea. Hakuna atakayekuona ukiifanya, nakuonya mapema. Utahesabu watoto kabla ya uji na baada ya uji, na wenzako watakucheka. Utadai waya ufungwe, na yule askari atakwambia hapana sumbuka. Msumbue. Mwalimu mkuu akikwambia umeshafungwa, nenda ukauguse kwa mkono wako. Mwambie mama yako ni mwendawazimu na ndiye aliyekutuma, nakupa ruhusa, nimeshaitwa mabaya zaidi. Weka bido tupu pale pembeni, na kamba, na mti mrefu. Wachoree hao wadogo mstari wa majivu. Na usiwapige, Mapendo. Ukimkuta mtoto kwenye waya, hasira itakupanda kama inavyonipanda mimi, mkono utawasha. Ukimpiga, mwenzake akizama hatakuja kwako.

Nimeandika haya yote, lakini sijafika pale nilipotaka kufika. Nimezunguka kwa sababu ni pagumu.

Leo asubuhi nilikuwa nakusuka. Ulikuwa umekaa chini katikati ya magoti yangu, huwezi kuniona uso. Ukaniuliza kwa sauti ndogo, siyo ile ya kufukuza kuku, "Mama, nikuulize. Kwa hiyo ulitaka nimuache Yoshua afe?"

Nilivuta nywele, ukasema "aii." Nikakwambia ukae sawa. Nikamaliza mstari, nikaanza mwingine, na sikukujibu. Umeondoka na nywele nzuri na bila jibu.

Jibu ni hili. Pale ukingoni, wakati Papa Nestor ameokota ile bido na bado hajaitupa, kulikuwa na muda mfupi sana, na katika muda huo nilikuwa na watoto wangu wawili majini na nilijua nitampata mmoja tu. Na nilianza kuchagua. Sikukaa nikafikiri, hapana, ilianza yenyewe ndani ya tumbo langu, kama uchungu wa kuzaa unavyoanza bila kukuuliza. Sikumaliza. Bido iliruka kabla sijamaliza. Lakini nilianza, na nilikuwa nimeshaanza kuelekea upande mmoja, na upande huo sitakwambia wewe wala Yoshua, nitakwenda nao kaburini.

Sikuwahi kukukasirikia kwa sababu ulimpenda ndugu yako. Nilikukasirikia kwa sababu ulinifanya niwe mama wa aina hiyo, hata kama ni kwa pumzi moja. Na kila mtu anapokusifu mbele yangu, mimi narudi pale pale.

Kwa hiyo hapana, sikutaka umuache. Nilitaka upige kelele mpaka koo lipasuke, utupe ulichonacho, ukae juu kwenye nyasi ukimlilia, nami nije nikukute umesimama. Nilitaka nifike nikute wa kumtoa ni mmoja tu, na nina wewe wa kunisaidia.

Nilitaka wote wawili, Mapendo. Bado nawataka wote wawili.

Mama yako